Kapeti lako lina mawimbi? Tuongelee goti la fundi na ukuta wa pili

Umenunua kapeti, umelitandika sebuleni, limekaa safi. Miezi mitatu baadaye kuna mwinuko katikati ya chumba, kama nyoka amelala chini yake. Unaukanyaga, unahamia pembeni. Unaukanyaga huko, unarudi katikati. Mtoto anajikwaa, mgeni anamwaga chai, na mwenye nyumba anaapa kwamba aliyemuuzia kapeti ni tapeli.

Kabla hujamlaumu muuzaji, hebu tufanye hesabu moja. Tuseme kipande cha kapeti chenye upana wa sentimita 50 kimezidi urefu kwa milimita moja tu. Milimita moja, unene wa kadi ya benki na kidogo. Pande zote mbili zimebanwa, kwa hiyo ile ziada haina pa kwenda isipokuwa juu. Ukichukulia kwamba wimbi lina umbo laini la kupanda na kushuka, kimo chake kinakuwa kama sentimita 1.4. Yaani ziada ya milimita 1 inakupa mwinuko wa milimita 14! Ikizidi sentimita moja, wimbi linafika sentimita 4 na nusu, na hapo hata mtu mzima anaanguka.

Ndiyo maana kapeti linaonekana limeharibika sana wakati kilichobadilika ni kidogo mno. Kwenye chumba cha mita 4, sentimita moja ni robo ya asilimia moja. Unyevu wa msimu wa mvua, kusukumwa na miguu ya makochi, watu kupita njia ileile kila siku: vyote hivi vinatosha kabisa kulirefusha kapeti kwa kiasi hicho.

Sasa dawa yake. Watu wengi hushika ukingo na kuvuta kwa mikono. Jaribu uone: kapeti zima linakufuata. Kapeti la mita 4 kwa 4 lenye uzito wa kama kilo 2 kwa kila mita ya mraba lina kilo 32, na msuguano wake na sakafu ya sementi si wa kutisha. Vijana wawili wanaliburuta bila shida. Lakini kuburuta si kunyoosha. Umehamisha kapeti, hujalikaza. Ili kitu kinyooke lazima upande mmoja ushikwe na upande wa pili uvutwe, na ukishavuta, pale ulipofika pashikwe pia. Mambo matatu: shika, vuta, shika tena.

Kiswahili kina kitenzi maalumu kwa kazi hii, nacho ni kuwamba. Tunawamba ngozi, tunawamba ngoma, tunawamba kitanda cha kamba. Kwa mkoa wenye ng'ombe wengi kama Simiyu, huhitaji maabara kuielewa dhana hii. Ngozi mbichi imejaa maji, na ikianza kukauka inajikunyata. Ukiiacha hivihivi unapata kitu kama chapati iliyoungua. Kwa hiyo huchukuliwa ikatobolewa pembezoni, kisha ikavutwa kila upande kwa kamba ndani ya fremu ya miti, au ikapigiliwa mambo chini ardhini. Wataalamu wa mifugo hupendelea fremu iliyosimamishwa kivulini, kwa sababu hewa inapita pande zote mbili na ngozi haigusi udongo. Lakini mimi leo nataka uitazame ile fremu kwa jicho lingine. Ngozi inapojikunyata inaivuta miti ndani. Miti inagoma. Mvutano wote uliomo kwenye ngozi unalipwa na miti ile, na mti ukiwa dhaifu utauona unapinda.

Ngoma ni hivyohivyo. Zile ngoma za Uganda zenye ngozi mbili, ya juu na ya chini, zimefungwa kwa kamba za ngozi zinazopanda na kushuka ubavuni. Ngozi ya juu inavuta ya chini, ya chini inavuta ya juu, na gogo la katikati linabanwa na zote mbili. Linabanwa miaka na miaka bila kulalamika.

Hii ni kanuni ya tatu ya Newton, ile tuliyoikariri shuleni: kila kani ina kani nyingine inayolingana nayo, ya mwelekeo kinyume. Mwalimu alitupa mfano wa bunduki na roketi. Mimi ningependa angetupa mfano wa kapeti, maana hapo swali linakuwa la kibinadamu zaidi. Ukivuta kitu kwa kani ya nyutoni 1,500, kuna kitu kingine kinasukumwa kwa nyutoni 1,500. Ni kipi hicho? Nani analipa?

Twende kwenye vifaa. Kwa wanaotandika kapeti la ukuta hadi ukuta kitaalamu, kazi ya "kushika" hufanywa na vibanzi vya mbao nyembamba vinavyopigiliwa sakafuni kuzunguka chumba, karibu kabisa na ukuta. Kila kibanzi kina safu za misumari midogo iliyochomoza na kuinama kuelekea ukutani. Kapeti likivutwa na kukandamizwa juu yake, misumari inaingia mgongoni mwa kapeti na kulizuia lisirudi. Bila vibanzi hivi, au gundi, kunyoosha ni kazi bure. Utavuta leo, kesho limerudi.

Kazi ya "kuvuta" ina vifaa viwili. Hapa kwetu sijasikia vikiwa na majina yaliyozoeleka, kwa hiyo naomba ruhusa niviite kisukumio na kiwambio. (Ndugu zangu Wasukuma, kisukumio hakihusiani na lugha yetu, msinitumie ujumbe.)

Kisukumio ni kifupi, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole au zaidi kidogo. Mbele kina kichwa cha chuma chenye meno yanayoweza kurefushwa au kufupishwa, ili yashike mgongo wa kapeti bila kutoboa kilichoko chini yake. Nyuma kina mto mdogo. Fundi anapiga magoti, anakandamiza kichwa kwa mkono karibu na ukuta, halafu anaupiga ule mto kwa mguu, sehemu ya juu kidogo ya goti. Paa! Kapeti linasogea mbele kidogo na kunaswa na kibanzi. Anahamia hatua moja pembeni. Paa! Tena. Anazunguka chumba kizima hivyo.

Ni kifaa chenye akili, usikidharau. Hakihitaji kamba, umeme wala msaidizi, na kinaingia hata kabatini. Lakini rudi kwenye swali letu: nani analipa?

Tuseme mguu unaopiga una uzito wa kilo 8 na unafika kwenye mto kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde. Nishati yake ni nusu ya 8 mara 3 mara 3, yaani jouli 36. Si nyingi. Ila mguu ule unasimama ghafla, ndani ya sentimita 2 hivi. Gawanya jouli 36 kwa mita 0.02, unapata nyutoni 1,800. Na hiyo ni wastani wa kani kwa muda wote wa kugongana. Kilele chake ni kikubwa zaidi. Watafiti wa Marekani waliowapima mafundi wa kapeti wakiwa kazini walipata vilele vya nyutoni 3,000 hivi, takriban mara nne ya uzito wa mtu. Nyutoni 3,000 ni sawa na uzito wa magunia matatu ya mahindi ya kilo mia mia. Yanatua gotini kwa kufumba na kufumbua, yanaondoka, yanatua tena.

Mbele ya pia ya goti na juu yake kuna vifuko vidogo vyenye majimaji, kazi yake ni kupunguza msuguano kati ya mfupa, mishipa na ngozi. Ukivipiga kila siku vinavimba. Goti linajaa maji, linauma, halikunjiki vizuri. Anayeendelea kulipiga hivyohivyo kwa miaka anajitafutia maumivu ya kudumu. Mwaka 1990 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari maalumu kuhusu magoti ya mafundi hawa. Mafundi wa kapeti walikuwa chini ya asilimia 1 ya wafanyakazi wote wa Marekani, lakini walitoa takriban asilimia 6 ya madai yote ya fidia kwa majeraha ya goti. Soma tena sentensi hiyo. Moja ya mapendekezo yao ilikuwa ni kuachana na kisukumio popote inapowezekana na kutumia kile kifaa cha pili.

Na hao ni watu waliokuwa na pa kudai fidia. Tanzania tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake, WCF, unaochangiwa na waajiri. Fundi wa mtaani anayeitwa leo nyumba hii na kesho ile hana mwajiri wa kumchangia. Goti likigoma, ndiyo basi, mtaji umekufa.

Kile kifaa cha pili, kiwambio, ni kirefu na kina uzito. Ukikiona mara ya kwanza unaweza kudhani ni sehemu ya kreni. Kina kichwa cha meno kipana zaidi, halafu mabomba yanayounganishwa moja baada ya jingine mpaka yafikie urefu wa chumba, halafu mkia wenye kitako laini. Mkia unaegemezwa kwenye ukuta wa nyuma. Kichwa kinashika kapeti karibu na ukuta wa mbele. Karibu na kichwa kuna mpini. Fundi anaukandamiza mpini taratibu, kichwa kinasonga mbele, kapeti linanyooka.

Mpini ule ni wenzo, ndugu wa mtaimbo na wa mpini wa pampu ya maji ya kijijini. Tuseme mkono wako unashuka sentimita 40 wakati kichwa kinasogea sentimita 4. Umebadilishana umbali kwa kani, kwa uwiano wa kumi kwa moja. Hayo ndiyo manufaa ya kimakanika. Ukikandamiza kwa nyutoni 150, kama vile umeweka mzigo wa kilo 15, kichwa kinasukuma kwa karibu nyutoni 1,500, ukitoa kidogo kwa ajili ya msuguano wa viungo. Kilo 15 ni ndoo ya maji isiyojaa. Hakuna kurusha mguu, hakuna kishindo.

Kuna utamu mwingine ambao nikiuona huwa natabasamu. Aina nyingi za kiwambio huunganisha mpini na kichwa kwa vyuma viwili vilivyokutana kwenye kiungo, vinaanza vikiwa vimekunjika na kumalizia vikiwa karibu kunyooka. Kadiri vinavyokaribia kunyooka, kani inaongezeka, na vikishapita kidogo mstari ulionyooka vinajifunga vyenyewe. Fundi anaachia mpini na mikono yake miwili iko huru kukandamiza kapeti kwenye vibanzi. Sasa jitazame mguu wako ukisimama kutoka kuchuchumaa: vipande viwili, kiungo katikati, kunyooka, kujifunga. Wahandisi huliita umbo hilo goti. Yaani goti la chuma limekuja kulipumzisha goti la nyama.

Na anayelipa ni nani? Ukuta wa pili. Zile nyutoni 1,500 zinapita kwenye mabomba, juu ya chumba kizima, hadi ukuta wa nyuma. Kama miti ya ile fremu ya ngozi.

Nilikuwa Kiloleli likizo ya mwisho, na nilimkuta fundi mmoja akitandika kapeti kwenye nyumba mpya. Kifaa chake kilikuwa kipande cha ubao chenye misumari midogo upande wa chini, alichokipiga kwa paja alilolifunga kitambaa. Alikibuni mwenyewe, bila kuona kisukumio cha dukani. Nilivutiwa sana, na wakati huohuo nikawa natazama namna anavyoinuka kwa kushika ukuta. Tukaanza kubishana, kwa heshima, kama inawezekana kupata kiwambio bila kuagiza kutoka nje.

Jibu liko kwenye buti ya gari: jeki. Lakini iwe jeki ya skrubu, ile inayofunguka kama mkasi. Nyingi za jeki za mafuta zinazosimama wima hazifanyi kazi vizuri zikilazwa, kwa sababu mafuta yanakimbia njia yake na pampu inanyonya hewa. Jeki ya skrubu haijali imelalaje. Tena msuguano wa meno ya skrubu unaizuia isirudi yenyewe, kwa hiyo inajishikilia kama lile goti la chuma. Unapanga hivi: ubao mpana kwenye ukuta wa nyuma, mbao ndefu ya mbili kwa nne, jeki, halafu ubao wenye misumari inayochomoza milimita tano au sita hivi na kuinama kuelekea mbele. Usitumie ufito mwembamba badala ya mbao. Ufito wa sentimita 3 wenye urefu wa mita tatu na nusu unapinda hata kabla ya nyutoni 400, na ukifyatuka uko karibu na uso wako.

Hapa yule fundi aliuliza swali ambalo ningelitarajia kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili: ukuta hautavunjika? Ni swali la kanieneo, yaani kani kugawanywa kwa eneo inaposhukia. Nyutoni 1,500 zikiegemea ncha ya mbao ya sentimita 5 kwa 5 zinatoa nyutoni 600,000 kwa kila mita ya mraba. Plasta dhaifu itabonyea, na tofali la udongo litamomonyoka. Kani ileile ikiegemea ubao wenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 10, kanieneo inashuka hadi 15,000. Mara 40 pungufu, kwa ubao mmoja tu! Na ubao uwe chini kabisa, karibu na msingi, pale ukuta ulipo imara, si katikati ambapo unaweza kusukumika nje.

Tatizo kubwa la jeki ni kwamba ina nguvu kupita kiasi. Ile ya tani moja inaweza kutoa karibu nyutoni 10,000, na mkono wako hautakuambia umefika wapi. Kapeti litachanika au ukuta utalia ufa huku wewe bado unazungusha kwa raha zako. Kwa hiyo pima urefu, usipime kwa kuhisi. Kabla ya kuvuta, chora kwa chaki alama mbili zenye umbali wa mita moja kamili, katika mwelekeo unaovuta. Makapeti mengi yenye mgongo wa nyuzi za plastiki hukazwa kwa asilimia 1 hadi 1.5. Alama zikifika mita moja na sentimita moja, simama. Kwenye chumba cha mita 4 hiyo ni sentimita 4 nzima, kwa hiyo usikate ukingo mpaka umalize kuvuta.

Ila najua wengi mnaosoma hapa mna kapeti la plastiki, lile linalouzwa kwa mita, lenye picha ya vigae au maua. Hilo msilivute kabisa, si kwa goti wala kwa jeki. Mawimbi yake yana chanzo tofauti, nacho ni joto. Plastiki ya aina hiyo hutanuka, tuseme, milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Chini ya bati, tofauti kati ya alfajiri na saa nane mchana ikiwa nyuzi 15, kapeti la mita 4 linarefuka kwa milimita 4 hivi. Ukiweka kwenye hesabu yetu ya mwanzo, kama limebanwa ukuta kwa ukuta na ziada yote ikajikusanya sehemu moja, unapata wimbi la karibu sentimita 3. Jioni linashuka, mchana linarudi, na watu wanasema nyumba ina mambo.

Lifungue, liache limelala saa kadhaa chumbani ili lisahau kuviringishwa, likate mchana wakati limetanuka, na uache nafasi ya milimita tano kila upande. Mbao nyembamba ya chini ya ukuta itaificha nafasi hiyo. Ipigilie ukutani, isiligandamize kapeti.